Kopo la Nne

Kama hujawahi kung'olewa jino na mwanamke aliyevaa kofia ya koboi, basi hujawahi kuumwa jino katika mji huu. Daktari wa Meno ana kofia tatu. Ya kahawia ni ya zahanati, nyeusi ni ya misiba, na ile yenye tundu ukingoni, tundu alilolichoma mwenyewe kwa msumari wa moto ili ionekane imepigwa risasi, ni ya Jumapili moja tu kwa mwaka. Mgonjwa anayethubutu kuuliza habari ya kofia hujibiwa akiwa ameachama na hawezi kubisha. Husimuliwa mambo ya Jicho Kavu, koboi wa sinema za zamani, tangu ganzi inaingia mpaka jino linatoka, na wengi wao hurudi wiki inayofuata wakiwa wazima kabisa, kuulizia sinema itaonyeshwa lini.

Chama cha mashabiki wa koboi huyo kimefika watu mia tatu na ushei. Yumo hakimu mstaafu, yumo fundi saa, wamo waashi wawili wasiosalimiana mwaka mzima isipokuwa Jumapili hiyo, yumo mama mwenye duka la vitambaa ambaye huja na mkwewe, na hao wawili kukaa kiti kwa kiti bila maneno si jambo dogo. Wote wana kofia. Wote wana kikombe cha bati. Ukitaka kugombana nao, sema tu kwamba Jicho Kavu hakuwa nyota.

Ni kweli hakuwa nyota mkubwa, na hilo ndilo linalowafanya wampende zaidi. Wakubwa wana dunia nzima ya kuwapenda. Huyu alikuwa mtoto wa mwoka mikate kule Italia, enzi zile Waitaliano walipoamua kutengeneza sinema zao wenyewe za makoboi, naye akabandikwa jina la Kimarekani kwenye matangazo ili watu wasiulize maswali. Farasi walikuwa walewale watatu katika kila sinema. Mlima ulikuwa uleule, umepigwa picha mpaka umechoka. Damu ilikuwa nyekundu kuliko damu. Lakini mtu yule alipotokea kwenye pazia, habari ya mlima iliisha. Alitembea kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa na hataki kumwaga hata tone. Hakuna aliyeanguka badala yake. Farasi akimtupa, katupwa yeye mwenyewe, na vumbi analokula ni vumbi kweli. Na hayo macho, jamani. Fundi saa aliwahi kupima: sekunde arobaini na moja bila kupepesa, upepo ukimpiga usoni. Ndipo walipompa jina, na jina likamkaa kuliko lile la matangazo.

Sinema wanayoipenda kuliko zote ina jina refu la Kiitaliano ambalo hakuna anayeweza kulitamka bila kutema mate, kwa hiyo hapa inaitwa Ya Kisima. Jicho Kavu anafika kwenye kijiji cha vumbi, anamkuta mjane mwenye kisima, na Tajiri anayekitaka kisima hicho kwa nguvu ya vibaraka wake, ndugu watatu wasio na huruma hata ya kuazima. Katikati ya sinema Jicho Kavu anapigwa risasi ya mgongo. Anazikwa, mawe yanapangwa juu ya kaburi, ukumbi unalia. Halafu mjane yuko kisimani, anageuka, na ndoo inamponyoka. Jicho Kavu kasimama njiani, uso mweupe kwa vumbi, hasemi neno. Anaokota kikombe cha bati pembeni ya kisima, anachota maji, anakunywa taratibu mpaka tone la mwisho. Kisha anakwenda kuwamaliza wale ndugu watatu, mmoja baada ya mwingine.

Ndoo inapoanguka, ukumbi mzima husimama. Kofia huvuliwa, na watu mia tatu hunywa maji pamoja naye kwa vikombe vyao vya bati, bila hata mmoja kunong'ona. Desturi hiyo aliianzisha Daktari mwenyewe alipokuwa binti wa miaka kumi na mitatu, na kila mwaka, kabla taa hazijazimwa, husimama mbele na kusimulia ilivyokuwa. Baba yake alizikwa Jumanne. Yeye akagoma kula na kunywa. Jumapili shangazi yake akamkokota mpaka sinema asije akafa kwa majonzi, na humo ndani akamwona mtu aliyezikwa akirudi na kutafuta maji.

"Nilijua ni sinema," husema. "Sikuwa mjinga. Lakini kiu ilinishika palepale."

Mtu mmoja tu hakuwahi kunywa, naye ni Opereta. Ndiye aliyeendesha mashine za sinema katika ukumbi ule tangu ujana wake, na ingawa siku hizi ukumbi ni wa mikutano na harusi, mashine mbili bado ziko juu, na hakuna mwingine anayezijua. Chama kilimfanya mlezi wake. Kila mwaka mkewe, aliyekuwa akiuza tiketi dirishani na ambaye watu wenye mvi hadi leo humwita Bi Tiketi, humpandishia kikombe chake ngazini. Kila mwaka Opereta husema mashine zinataka mikono miwili. Kikombe hukaa juu ya kabati mpaka onyesho liishe, kisha Bi Tiketi huyamwagia maua maji yale.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Na siri ya Ya Kisima waliijua Opereta na mkewe peke yao: Jicho Kavu hakufufuka.

Ilikuwa hivi. Miaka arobaini na sita iliyopita Opereta alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mwalimu wake kalazwa kwa homa, naye kwa mara ya kwanza kaachiwa chumba cha mashine peke yake. Enzi hizo sinema ilikuja kwenye makopo ya bati, kila kopo mkanda mmoja wa dakika kama ishirini, na Ya Kisima ilikuwa na makopo sita. Mwalimu alikuwa na msemo aliomtwanga nao masikioni kila asubuhi: usiliamini kopo, uamini mkanda. Maana yake, kabla ya kuonyesha, fungua kila kopo, nyoosha mwanzo wa mkanda kwenye mwanga, usome namba iliyomo, kwa sababu waliotangulia kuionyesha huenda walirudisha mikanda ovyo. Ni kazi ya nusu saa. Kijana wetu nusu saa hiyo aliitumia dirishani, akimsaidia muuza tiketi mpya kupanga tiketi ambazo hazikuwa na haja ya kupangwa. Aliamini makopo.

Basi mkanda wa tano ukatangulia wa nne. Maneno yalikuwa ya Kiitaliano, hakuna aliyeyaelewa, na sinema zile zilikuwa na mapengo mengi hivi kwamba pengo moja zaidi halikumshtua mtu. Katika sinema ya kweli, mjane anaangusha ndoo kwa sababu mtu aliyemdhani amekimbia zake amerudi kumsaidia. Uso ni mweupe kwa sababu katoka jangwani. Hasemi kwa sababu koo limemkauka. Anawaua wale ndugu watatu, kisha anapigwa risasi ya mgongo, anazikwa, na anabaki hukohuko. Mjane anamlipia kisasi kwa Tajiri, na picha ya mwisho ni farasi aliyesimama kisimani peke yake. Kwenye chama wamebishana miaka yote hiyo Jicho Kavu alikwenda wapi mwishoni. Hakimu mstaafu amejaza daftari zima kuthibitisha kwamba alirudi kaburini kwa hiari yake, na ukimsikiliza utakubali.

Opereta aligundua kosa siku ya tatu. Lakini kwa siku tatu watu walikuwa wamepanda juu ya viti kwa shangwe, na foleni ilizunguka jengo. Angefanya nini? Mwalimu hakurudi tena kazini, hakukuwa na wa kumkaripia, naye akafunga mdomo. Sinema ilikaa wiki kumi na moja. Kampuni iliyoileta ikafa, nakala ikabaki hapahapa, na uongo ukaota mizizi kwa raha zake.

Mwaka jana nakala ile ilianza kunuka siki. Mkanda ukinuka siki ujue umefika mwisho wake. Ulikatika mara kumi na moja katika onyesho moja, na waashi wakakaribia kupigana kwa huzuni. Daktari hakukubali. Aliandika kwenye mtandao huku na huko, kwa mashabiki wa makoboi wa Kiitaliano walioko kila pembe ya dunia, maana wapo, na wazimu wao ni uleule, mpaka akampata binti wa Jicho Kavu. Baba alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Binti alikuwa na nakala ya Ya Kisima chini ya kitanda, haijaguswa. Akakubali kuja nayo mwenyewe.

Mji ulifurahi. Opereta aliacha kula vizuri.

"Nakala yake ni nzima, na kila mkanda uko kwenye kopo lake," alimwambia mkewe siku moja wakikunja nguo zilizotoka kamba. "Nikiiweka sawasawa, Daktari atamwona Jicho Kavu akifa na asirudi. Nikiiweka kama ya kwetu, huyo binti ataniuliza nimemfanyia nini baba yake."

"Na ukiugua siku hiyo?"

"Nani mwingine anazijua zile mashine?"

Bi Tiketi alikung'uta shati hewani. "Baba Watoto, mficha maradhi kifo humuumbua. Umelificha hili tangu hatujaoana. Nami nimelificha pamoja nawe, kwa sababu zile tiketi tulizipanga wawili. Lakini nimechoka kuyanywesha maua maji yako."

"Watanicheka."

"Wakikucheka nitashukuru. Wewe huogopi kuchekwa. Unaogopa uso wa yule mtoto."

Yule mtoto ni Daktari wa Meno, mwenye miaka hamsini na tisa. Mke aliyekaa na wewe miaka arobaini na mitano hajibiwi akishasema kweli. Opereta alichukua soksi mbili zisizofanana akazikunja pamoja, na Bi Tiketi akazikunjua bila neno.

Jumapili yenyewe ilifika. Onyesho lilikuwa saa tisa alasiri, lakini saa nne asubuhi Opereta alikuwa kesha safisha lenzi mara mbili. Akasikia hatua ngazini, nzito, za mtu aliyebeba kitu. Mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu akaingia na makopo matatu kifuani, akayaweka chini, akashuka, akarudi na mengine matatu. Hakuomba msaada. Alipoinua uso, Opereta alimjua kabla hajataja lolote. Yalikuwa macho yale.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Opereta alishangaa. "Umeijulia wapi lugha yetu?"

"Niliisoma miaka minne. Nilikuwa na sababu."

Alifungua mkoba, akatoa bunda la barua lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Zilikuwa mia moja na zaidi, nyingine zimegeuka rangi ya chai. Alizishika kwa mikono miwili.

"Baba alipokea hizi kutoka mji huu," alisema. Aliongea polepole, kila neno mahali pake. "Zote zinamsifu kwa kufufuka. Zinamwuliza chini ya mawe alikuwa akiwaza nini. Mzee, baba yangu hakufufuka katika sinema yoyote. Alitafuta mtu wa kumsomea, akasomewa, akanyamaza siku nzima. Halafu akasema, kuna mji huko mbali umekaa kunicheka. Hakujibu hata moja. Lakini hakuzitupa. Nikajifunza lugha yenu ili nizisome mwenyewe, nijue kama mlikuwa mnamcheka. Nimezisoma zote. Bado sijui."

Alichomoa moja akampa. Mwandiko ulikuwa wa kitoto, mistari inapanda kilima. *Baba yangu alizikwa Jumanne na Jumapili nikakuona unarudi. Sasa nakunywa maji. Asante.* Opereta hakuhitaji kusoma jina lililokuwa chini.

Miaka yote hiyo alijifariji kwamba uongo wake haujamdhuru mtu, kwamba umewapa watu furaha na haujamnyang'anya yeyote kitu. Kumbe kuna mtu alikaa mezani kwake nchi ya mbali, na sifa za mji mzima mbele yake, akazisikia kama matusi. Na mtu mwenyewe ni yule, kati ya watu wote.

"Hakuna aliyemcheka," Opereta alisema. "Hata mmoja. Kosa ni langu."

Akamweleza. Alichukua kopo lake la nne na la tano, akayapanga sakafuni, akayabadilisha nafasi, akamwonyesha ndoo inaanguka wapi na kwa nini. Alimtajia hata zile tiketi. Hakujipunguzia kitu. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha kola.

Binti alisikiliza bila kupepesa. "Baba yangu amekufa akiamini anachekwa," alisema, "kwa sababu hukusoma namba kwenye mkanda."

"Ndiyo."

"Na kwa sababu baadaye ulinyamaza."

"Hiyo zaidi."

Hakumwambia basi yameisha. Alisogea kwenye dirisha dogo ambalo mwanga wa mashine hupitia, akachungulia ukumbini. Saa sita ilikuwa haijafika lakini watu wa chama walikwishaanza kazi. Mama wa vitambaa na mkwewe walikuwa wakifuta viti. Waashi wawili, mmoja juu ya ngazi na mwingine akiishikilia, walikuwa wakitundika picha ya Jicho Kavu iliyochorwa kwa mkono, kubwa kuliko mlango, na wakigombana kama imenyooka. Hakimu mstaafu alipita chini ya picha, akavua kofia kidogo, akaendelea na safari yake. Hakujua anatazamwa.

Binti alitazama mpaka picha ikanyooka.

"Hawa wote ni wa baba?"

"Wote. Na wengine bado wako njiani."

"Nao wanajua uliyoniambia?"

"Bado."

"Basi mimi sitawaambia," alisema, akaiweka barua ya mtoto juu ya kopo la nne. "Hiyo ni kazi yako."

Saa tisa ukumbi ulifurika. Daktari, na kofia yake yenye tundu, alimkaribisha binti, akamkalisha kando yake mstari wa mbele, kisha akasimulia kisa chake kama kila mwaka: Jumanne, Jumapili, shangazi, kiu. Sauti ilimkatika palepale inapomkatika siku zote. Alipokaa, badala ya taa kuzimwa, watu wakamwona Opereta anashuka ngazi na kuja mbele. Wakampigia makofi, wakidhani amekuja kupokea heshima yake. Makofi yale yalimuuma kuliko fimbo.

Alipiga moyo konde. Alisema kwa maneno machache, kwa sababu mengi yangekuwa ya kujitetea. Alisema makopo yalikuwa sita, aliamini namba za nje, akatanguliza la tano. Alisema Jicho Kavu hakurudi kutoka kaburini. Alitoka jangwani, ana kiu kama mtu yeyote, na kifo kilimkuta baadaye. Alisema alijua tangu siku ya tatu. Alisema barua zao zilifika, na kwa sababu yake zilimuumiza mtu waliyempenda.

Hakimu mstaafu alifunga daftari lake, akalifungua, akalifunga tena. Mwashi mmoja alisimama akatoka nje, na yule asiyesalimiana naye akamfuata mpaka mlangoni, akamshika mkono, wakarudi wote na kuketi. Opereta hakumwangalia Daktari. Hakuweza.

Fundi saa ndiye aliyetangulia kusema. "Mzee, na zile sekunde arobaini na moja?"

"Ni zake," Opereta alisema, na hapo sauti ikapata nguvu. "Sikuongeza hata moja. Kutembea kwake ni kwake, kuanguka kwake ni kwake, macho ni yake. Alivyoshika kile kikombe, hakuna aliyemfundisha. Mimi langu ni kopo tu. Kama mlipenda kitu, mlimpenda yeye."

"Na leo unatuwekea ipi?" aliuliza mama wa vitambaa.

Opereta alimgeukia binti, na ukumbi wote ukamgeukia. Binti alisimama taratibu. Alikuwa na ule mwendo. Hata katika kusimama tu waliuona, na mtu mmoja nyuma akaguna.

"Baba yangu ameuawa katika sinema ishirini na tatu," alisema. "Ndiyo ilikuwa kazi yake, kuuawa vizuri. Nimeziona zote, na nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinitoa nje kabla kifo hakijafika. Leo, kama mtaniruhusu, naomba nimwone akirudi. Mara moja tu."

Watu walimtazama Daktari, kwa sababu neno la mwisho lilikuwa lake. Daktari alikuwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi, na uso haukuonekana.

"Washa mashine, Opereta," alisema.

Siku zote alimwita mzee wangu. Opereta alisikia lililokosekana, akapanda ngazi nalo.

Mkanda ulikuwa mzuri kuliko alivyokumbuka. Rangi zilikuwa hai, vumbi ulitaka kulifuta kwenye shati. Alionyesha wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akafungua kopo la tano, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalitanguliza akijua mji mzima unajua. Jicho Kavu akapigwa risasi ya mgongo. Akaanguka alivyokuwa akianguka yeye, magoti kwanza, halafu mkono, kama mtu anayejilaza kwa adabu asimwamshe mwenzake. Mawe yakapangwa. Kwenye dirisha dogo Opereta alimwona binti kainamisha kichwa, hatazami.

Kidoti cheusi kikatokea kwenye kona ya juu ya pazia, ishara kwamba mkanda unaisha. Opereta akawasha mashine ya pili. Kopo la nne.

Nyuma yake mlango ulifunguka. Bi Tiketi aliingia, akaweka kikombe cha bati juu ya kabati kama kila mwaka, na safari hii hakuondoka.

Mjane alikuwa kisimani. Akageuka. Ndoo ikaanguka.

Hakuna aliyesimama.

Jicho Kavu alikuwa njiani, uso mweupe, na watu mia tatu wamekaa na vikombe mapajani. Opereta alihesabu pumzi zake. Aliwaona wakimtazama mtu mwenye kiu aliyetoka jangwani, mtu tu, na akajua amewanyang'anya. Jicho Kavu akainama, akaokota kikombe, akachota.

Kofia yenye tundu ikavuliwa. Daktari wa Meno alisimama peke yake katika ukumbi mzima, akanywa nusu ya kikombe chake, kisha akamwekea binti mkono begani, akampa nusu iliyobaki. Binti aliinua kichwa. Alimwona baba yake akinywa maji, mzima, ana miaka thelathini na minane, hapepesi. Akasimama, akanywa naye. Na hapo viti vikalia mstari kwa mstari, kofia zikashuka, bati zikang'aa, na ukumbi wote ukawa wima. Hakimu alisimama. Waashi walisimama. Yule mwanamke alilia waziwazi katikati ya watu wa baba yake, na Daktari hakuondoa mkono begani mwake.

Kisha Daktari aligeuka nyuma, akainua macho mpaka kwenye dirisha dogo. Hakuweza kumwona mtu huko juu, maana mwanga wa mashine ulimpiga usoni. Alisubiri tu, kichwa wazi.

"Unasubiriwa," alisema Bi Tiketi.

"Mashine zinataka..."

"Mashine inakwenda yenyewe, Baba Watoto. Nimekaa na wewe miaka arobaini na mitano, unadhani sijui?"

Opereta alikichukua kikombe. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na yana ladha ya bati. Aliyanywa taratibu mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo kwa kiganja, kisha akarudisha macho kwenye kona ya juu ya pazia kungoja kidoti.